Taa Chini ya Mwarobaini

"Inua kidogo, mama. Kidogo tu. Hapo hapo, usitikisike."

Mama Bustani alikuwa amepiga magoti chini ya mwarobaini, ameshika tochi kubwa kwa mikono miwili, mwanga umeelekea juu kwenye shina. Jua lilikuwa limeshazama lakini mbingu bado ilikuwa na weupe, na huo ndio wakati alioutaka mbunifu wa taa. Ndivyo alivyofanya kazi yake. Kabla ya kuchimba popote, aliwagawia wafanyakazi wa nyumba tochi, akawapanga penye ukuta, penye ngazi na penye miti, kisha akaenda kuketi barazani na mwenye nyumba, akawa anawasogeza kwa sauti. Mpishi alichuchumaa nyuma ya maua akimulika ukuta. Mlinzi alilala kifudifudi kando ya njia, maana taa za njia hazikutakiwa kupita urefu wa kifundo cha mguu.

"Mimi niliandikwa kazi ya kulinda," mlinzi alinong'ona, kidevu kwenye nyasi. "Sikuambiwa nitakuwa taa."

"Nyamaza, utazimika," mpishi akamjibu.

Mama Bustani aliwasikia, na siku nyingine angecheka. Lakini magoti yake yalikuwa juu ya mtoto wake.

Hakuna aliyejua katika nyumba ile. Zamani, kabla ya kuta hizi ndefu, palikuwa na mtaa wa mabati hapa, na mteremko huu wenye mwarobaini ndipo watu wa mabati walipowalaza wafu wao, kwa sababu makaburi ya mjini yalikuwa na bei. Binti yake walimwita Chiriku, kwa kuongea. Aliamka akiongea na alilala akiongea, na homa ilipomshika aliendelea kuongea hadi usiku wa mwisho. Majani aliyochemshiwa yalichumwa kwenye mti huu huu. Kisha matingatinga yakaja, watu wakatawanyika, kuta zikapanda. Mama yake alizunguka milango mipya akiomba kazi ya bustani, akikataliwa na asipokataliwa akiondoka mwenyewe, mpaka alipofunguliwa geti moja na kuuona mwarobaini ndani.

Kila asubuhi alianzia pale kufagia. Alifagia akizungumza naye kimoyomoyo, habari za mpishi, habari za paka wa jirani. Asubuhi nyingine, upepo ukitulia, alisikia akijibiwa. Hakumwambia mtu, wala hakuogopa. Mama gani anamwogopa mwanawe?

Aliposikia kwamba bustani itachimbwa mitaro ya nyaya, ndipo alipoanza kuogopa. Akaokota mawe meupe kwenye mfereji, akayaosha, akayapanga duara kulizunguka lile eneo, na katikati akapanda maua madogo ya manjano. Alijiambia kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayechimba tuta lililotunzwa vizuri namna ile. Watapita pembeni.

"Simama sasa, mama. Toka taratibu." Mbunifu alikuwa ameshuka barazani. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye viatu vya kitambaa, na aliongea kama mtu anayewakaribia ndege asitake kuwashtua. "Haya mawe nani ameyapanga?"

"Ni mimi, baba."

"Bosi, njoo uone!" aliita. "Tulikuwa tunatafuta jicho la bustani, kumbe lipo tayari. Duara hili ndilo litakalobeba kila kitu. Taa moja tu, katikati, imezikwa ardhini, mwanga wa rangi ya asali unapanda na shina. Mgeni akiingia getini macho yake yanakuja hapa kabla hajajua kwa nini."

Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alikuja akiwa ameshika kikombe chake. "Isije ikawa kama kituo cha mafuta, lakini."

"Kituo cha mafuta kinamulika kila kitu. Sisi tunaacha giza lifanye kazi yake. Nyumba yenye heshima haionyeshi taa, inaonyesha mwanga. Zenyewe zinafichwa."

"Una jicho, Mama Bustani," mwenye nyumba alisema, akamgusa bega. "Miaka yote hii, nisijue."

Alikuwa mtu mwema, kwa namna yake. Mwiba ulipomwingia Mama Bustani mkononi na mkono ukavimba, yeye mwenyewe alimpakia garini na kumpeleka hospitali, akakaa naye kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Mambo kama hayo Mama Bustani hakuyasahau. Ndiyo maana nusura amwambie pale, kisha akainama kuweka sawa jiwe moja.

Asubuhi fundi wa umeme alikuja na sepetu. Alikuwa mzee wa heshima, anayetandika gunia kwanza ili udongo usiharibu nyasi za watu. Mama Bustani alimletea chai, akasimama naye mpaka alipokunywa nusu.

"Kaka," alisema, "ukichimba hapo, chimba polepole."

"Kuna bomba?"

"Kuna mwanangu."

Fundi aliweka kikombe chini. Hakuuliza mara mbili. Alilitazama duara, akaondoka kwenye gunia lake kama mtu aliyejikuta amekanyaga mkeka kwa viatu.

"Jina lake nani?"

"Tulimwita Chiriku."

"Basi sichimbi," alisema. "Niachie mimi, dada. Nitazungumza nao. Hawa ni watu, si wanyama. Wataelewa."

Alikwenda kwa nia njema. Alimwambia mbunifu, na mbunifu, uso umempauka, akamwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba akampigia simu bwana wa ardhi aliyewauzia kiwanja, kwa kuwa hakujua mtu mwingine wa kumpigia.

Bwana wa ardhi alifika kabla ya mchana, shati limepigwa pasi, kijiti cha meno mdomoni. Alikitoa ili kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mmeamkaje? Jua limeanza mapema leo." Alilizunguka duara bila haraka, mikono nyuma. Fundi, mbunifu na mwenye nyumba walisimama pembeni. "Nimesikia habari, nikaona nije mwenyewe, tusikilizane kama watu wazima. Kiwanja hiki nilikipima mimi. Nilikikagua mimi. Kilikuwa kitupu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba."

"Sasa kama hapa pana kaburi, ina maana mimi nilisema uongo, na bosi wako, aliyekupa kazi, ameuziwa makaburi. Hilo ni jambo zito. Lakini sheria yake ni nyepesi. Nawaita vijana wangu, wanakuja leo hii na sururu, wanatoa kilichopo, kinapelekwa kwenye shimo la manispaa kule kwa wasio na wenyewe. Halafu ndiyo tuulizane nani alizika bila kibali, na wenzake ni akina nani, na wako wapi wengine." Alikirudisha kijiti mdomoni, akakitoa tena. "Kama hakuna kaburi, fundi anaendelea na kazi yake na kila mtu analala alipo. Hakuna anayesumbuliwa."

Mama Bustani alitazama maua ya manjano. Mawili yalikuwa yamefunguka.

"Mimi sitaki matatizo, mama," mwenye nyumba alisema, mkono kifuani. Macho yake yalikuwa na machozi kweli. "Watoto wangu wanacheza hapa. Unajua ninavyokuthamini."

"Nakuuliza kwa heshima," bwana wa ardhi alisema. "Kuna mtu hapa?"

Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Chini ya miguu yake Mama Bustani alisikia kama mtoto amenyamaza ghafla, kama wanyamazavyo watoto wakisikia wakubwa wanawataja.

"Hakuna," alisema.

"Sema vizuri, fundi asikie."

"Hakuna mtu."

"Sasa fundi ulimwambia nini?"

"Nilichanganyikiwa. Ni jua."

"Jua kali siku hizi," alikubali bwana wa ardhi, kwa upole wa mtu anayempa mgonjwa pole. "Vaa kofia, mama." Akaaga wote, akaenda zake.

Fundi alibaki ameshika sepetu. Aliomba kwa macho, na Mama Bustani akamjibu kwa mdomo.

"Chimba, kaka. Afadhali mkono wako."

Fundi aliitupa sepetu pembeni akachukua mwiko wa kujengea, akapiga magoti na kuchimba, udongo ukitoka kidogo kidogo kama wa kupandia miche. Mbunifu alikuwa ameagiza shimo lifike gotini ili zege lishike. Kabla halijafika hapo, mkono wa fundi ulisimama. Kisha akarudisha udongo konzi mbili, akausawazisha kwa kiganja, akavua kofia yake na kujifuta jasho ambalo halikuwapo.

"Huku chini ni mwamba," alimwambia mbunifu. "Zege litakuwa fupi. Litashika hivyohivyo."

"Uko hakika?"

"Nimeugusa."

Akamwaga zege, akasimika taa, akarudisha mawe meupe moja moja.

Ilipowashwa mara ya kwanza, wageni walioalikwa wote waligeuza macho pale, na mbunifu akainamisha kichwa kama mtu anayepigiwa makofi. Mwanga ulipanda na shina ukaingia kwenye majani, ukuta ukapata vivuli laini, njia ikaelea. Ilikuwa nzuri. Mama Bustani aliona kwamba ilikuwa nzuri. Asubuhi yake alianzia pale kufagia kama kawaida, akasimulia habari za wageni, nani alivaa nini, nani alimwaga kinywaji. Upepo ulitulia. Alisubiri. Akafagia palepale mara ya pili, na ya tatu, mpaka udongo ukang'aa, na hakukuwa na sauti isipokuwa ya ufagio.

Tangu siku ile hakujibiwa.

Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa mmoja wa wageni wale, naye hakupata usingizi. Alitaka taa kama ile. Mbunifu alimwambia kwamba siri haikuwa taa, siri ilikuwa duara, na duara lilitoka kwenye mkono wa mtunza bustani. Basi Mama Bustani akaazimwa.

"Bosi wako ana bahati," jirani alimwambia akimfungulia geti. Alikuwa amevaa viatu vya visigino virefu, na mkononi alishika vigingi vyenye utepe mwekundu. "Mbunifu anakuja jioni. Mimi nataka akute wewe umeshachagua. Zunguka, mama, moyo wako ukikuambia hapa, tunaweka."

Mteremko uliendelea upande ule. Nyasi zilikuwa zimekatwa fupi, kijani kitupu mpaka ukutani, hakuna tuta, hakuna jiwe. Mama Bustani alianza kutembea. Alikwenda kulia kumpisha muuza mkaa, akarudi kushoto, akapita kwa ubavu katikati ya mapacha wa mshona nguo waliozikwa kwa juma moja, akasimama, akazunguka mbali sana penye mkunga aliyemzalisha Chiriku.

Nyuma yake jirani alicheka, cheko la watu wasio na ubaya.

"Mbona unatembea kama unakwepa madimbwi? Ni pakavu hapa!"

Akakata moja kwa moja kumfuata. Visigino vilizama kwenye nyasi, akavichomoa, vikazama tena, akazidi kucheka, akafika katikati ya bustani na kuinama.

"Hapa?" alisema, akadidimiza kigingi. Akapiga hatua. "Au hapa? Sema wewe, mama, wewe ndiye mwenye jicho. Hapa?"