Kumwinua Chairman

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi, na nakiri mapema ili nipate nafasi ya kuwasema wengine.

Tulikuwa Mai Mahiu, kwenye chumba cha gemu nyuma ya duka la mbegu, timu kumi za watu watatu watatu, kila mtu na simu yake. Timu tano bora zingeingia raundi ya pili, na mshindi wa hiyo angeenda fainali Nakuru. Yetu ilikuwa timu ya vijana wa kanisa: mimi Muiruri, fundi wa tairi za malori; Wachuka, muuza chipsi wa kando ya barabara, ambaye shabaha yake inaogopesha; na Bethwel, mwenyekiti wetu. Lakini nani humwita Bethwel? Ni Chairman. Husalimiwa wa kwanza, humiminiwa chai wa kwanza, na akikohoa mkutano unanyamaza. Mtu kama huyo ukimpa bunduki, hata ya kwenye simu, anadhani risasi nazo zitampisha.

Katika mchezo ule ukipigwa hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa kwa magoti huku damu ikiisha. Mwenzako akija akakushikilia sekunde nane, bila kurusha hata risasi moja, unasimama tena. Asipokuja, umekwisha.

Chairman alianguka kabla ya dakika mbili.

"Niko chini! Vijana, niko chini!" Sauti ile ile ya kutangaza matoleo.

Wachuka akamwinua. Akaanguka tena akikimbilia kofia ya chuma iliyolala peupe, nikamwinua mimi. Mara ya tatu alikuwa juu ya paa, anapunga upepo.

"Chairman, teremka," Wachuka akamwambia. "Hao watu wanakuona mpaka vifungo vya shati."

"Kiongozi lazima aone mbali, Wachuka."

Akateremka, lakini si kwa ngazi. Wachuka akamwinua.

Zikabaki timu mbili. Chairman akatoka tena peupe, akapigwa. Wachuka, katika kumkinga, akaangusha adui mmoja, akaangusha wa pili, kisha naye akapigwa na yule wa mwisho. Alianguka nyuma ya ukuta, mahali salama, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Chairman alikuwa anatambaa katikati ya uwanja. Muda uliobaki ulitosha kuinua mtu mmoja tu.

"Muiruri, mimi kwanza!" Chairman akaita.

Sikiliza, mimi nimelala chini ya malori yaliyoshikiliwa na jeki moja mbovu. Nimetapeliwa na madereva wa nchi nne. Ungetegemea nimejifunza kitu. Wapi! Mazoea ya kanisani yalinishika vidole: Chairman haachwi chini. Nikampita Wachuka, nikaenda uwanjani, nikamshikilia yule bwana sekunde zote nane. Akasimama. Asante hakuna. Akakimbilia sanduku la vifaa alivyoacha marehemu mmoja wa mchezo, kutafuta buti, adui akampiga, kisha akanipiga mimi niliyekuwa bado nashangaa. Wachuka akafia ukutani akiningoja.

Tulimaliza wa pili, kwa hiyo raundi iliyofuata tuliingia. Ila sheria iliruhusu kubadilisha mchezaji mmoja, na Chairman alishakunja mikono.

"Kuna mtu ametuangusha hapa, na tusifichane. Wachuka, ungetambaa utufuate. Ulikaa tu huko ukutani. Sasa utapumzika, binamu yangu Micah ataingia."

"Nipumzike?" Wachuka alikuwa amefunga kibanda tangu asubuhi, siku ya malori mengi, kwa sababu ya hiyo Nakuru. "Muiruri, wewe unasemaje?"

"Kwani Chairman," nikaanza, "si ni wewe uliye..."

"Muiruri. Kuna utaratibu."

Nami, dume zima lenye mikono ya kufungua nati za trela, nikatazama viatu vyangu. Timu nyingine zilikuwa zimegeuza viti kutusikiliza. Micah alikuwa tayari ametoa simu mfukoni, anaipangusa kioo.

"Ni kwa faida ya timu," Chairman akasema, sasa kwa upole wa mtu aliyekwisha shinda. "Usilichukue vibaya, dadangu."

"Silichukui vibaya," Wachuka akasema. "Leo umeinuliwa mara nne, Chairman. Nitajie mtu mmoja uliyemwinua wewe, nitoke mwenyewe."