Kisu Kama Kilivyo Pichani

Jumamosi asubuhi Evaline alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, mbele ya mkungu wa ndizi aliotumiwa na dada yake kutoka Bukoba, akifungua boksi lililoletwa na bodaboda. Alikuwa ameagiza kisu cha kufuliwa kwa mkono kutoka ukurasa wa mtandaoni uitwao Visu vya Mababu. Pichani kisu kilikuwa kimelazwa kwenye sakafu ya udongo, mpini wa mpingo, bapa jeusi na makali meupe. Ndani ya boksi mlikuwa na kipande cha bati kilichochomekwa kwenye plastiki ya kahawia. Hakikuwa na kasoro yoyote, isipokuwa hakikuwa kisu. Evaline alikijaribu kwenye ndizi, na ndizi ikakipinda.

Evaline ni karani wa masjala katika ofisi ya serikali. Kazi ya kutafuta mafaili ambayo kila mtu anaapa kuwa aliyarudisha imemfundisha kutopiga kelele mapema. Akamwandikia mwenye ukurasa, kijana aitwaye Dulla, akimwuliza kwa upole kama maboksi yalichanganywa. Dulla alijibu hapo hapo.

"Dada yangu, hapa hatubabaishi watu. Wallahi kisu chako ni hicho hicho cha pichani."

"Basi naomba cha pichani."

"Ni chako, dada. Nimeshasema ni chako."

Alasiri ile kisu cha pichani kilifika. Kiligonga mlango kwa mpini, kistaarabu, na Evaline alipofungua kikaingia, kikapita chini ya meza na kujilaza sakafuni karibu na ndizi. Kilikuwa na vumbi la safari, na nyuzi za ukindu zimenata kwenye makali. Evaline akakiosha. Alimenya mkungu mzima kabla maji hayajachemka, na mikono yake haikuchoka. Hasira zote zikamwisha. Akaingia kwenye ule ukurasa, akatoa nyota tano na kuandika: "Kilichelewa kidogo ila ni chenyewe kabisa. Hawa ni waaminifu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta balaa, lakini tusimwonee. Mtu akishapata alichokilipia, ni nadra aulize kimetoka kwa nani.

Kisu kile kilikuwa na mwenyewe. Kilikuwa cha Bi Mwanajuma wa Msimbu, upande wa Kisarawe, mjane wa mhunzi Pazi. Pazi alikifua kwa springi ya lori akiwa bado kijana, akampa mkewe cha kuchania ukindu. Siku kilipoondoka Bi Mwanajuma alikuwa katikati ya kazi ambayo haikutaka mchezo: mkeka wa harusi ya mjukuu wake Hajira. Katika ukoo wao bibi arusi haketi kwenye mkeka wa kununua. Huketi kwenye mkeka uliosukwa na bibi yake, na mkeka usipokuwa tayari, wakwe hawasemi neno. Huendelea kutosema neno kwa miaka mingi. Bi Mwanajuma mwenyewe aliolewa juu ya mkeka uliopungua utepe mmoja tu wa ukili, na mawifi zake walizikwa wote bila kulisahau jambo hilo.

Kisu kilimponyoka mkononi, kikajifuta kwenye khanga yake, kikatoka. Majirani walikiona kikikata kona ya msikiti, wakakipisha. Bi Mwanajuma akajaribu kisu cha dukani, kikautafuna ukindu kama mbuzi. Akakitupa uani, akakaa akisubiri Alhamisi.

Alhamisi magharibi marehemu wa mtaa ule huja kuwatembelea watu wao, na Pazi hana desturi ya kukosa. Alikaa kizingitini pale pale pa siku zote, akawekewa kahawa chungu ambayo hainywi, huinusa tu.

"Kisu chako kimenikimbia, Pazi."

"Hakijakukimbia. Kimeuzwa."

"Kauza nani?"

"Dulla, mtoto wa Salehe hapo jirani. Siku ya hitma yangu."

Akaeleza. Siku ile ya hitma Dulla alikula pilau akashiba, akaingia jikoni kuomba maji, akakiona kisu kimechomekwa ukutani. Akakichukua, akakilaza chini karibu na mlango penye mwanga mzuri, akakipiga picha. Kisha, akiyaonja maneno ya tangazo lake, akasema: "Kinauzwa. Atakayekitaka, ni chake."

Bi Mwanajuma aliielewa hatari mara moja, kwa sababu alimjua mumewe. Maisha yake yote Pazi hakumpa mtu kisu mkono kwa mkono, maana kisu kikipokewa hivyo huzaa ugomvi. Alikilaza chini, akataja ni cha nani, mwenyewe akainama akaokota. Kikishatajwa, hata mama yake mzazi angekilia asingepewa. Visu vya Pazi vilikulia katika sheria hiyo na havikujua nyingine.

"Lakini yule si mwenye kisu!"

"Kisu kitajuaje? Kinachojua ni kulazwa chini na kutajiwa mtu."

"Wewe je, hujui?"

Pazi alikitazama kikombe chake. "Mteja ameshaahidiwa, mama Zawadi. Sikuwahi kumwangusha mteja nilipokuwa hai, nianze leo?"

Bi Mwanajuma aliumia kuliko siku aliyofiwa. Akakiondoa kikombe mbele yake, akamwambia kahawa nyingine akanusie kaburini, akafunga mlango.

Kesho yake yeye na Hajira walipanda lori la mihogo wakiwa na mzigo wa ukindu. Kisu kilikuwa kimeacha mchirizi mwembamba kwenye lami, na Bi Mwanajuma, akiwa ameketi mbele, alimwelekeza dereva aufuate. Dereva alisema afadhali mchirizi kuliko wale wenye mizigo wanaosema "ukifika nipigie." Wakafika Picha ya Ndege, mpaka mlangoni kwa Evaline, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekifuata kisu changu."

"Karibuni ndani," Evaline alisema. "Kipo jikoni. Lakini mama, nisamehe, na mimi ni changu."

Alisema hivyo bila ukali, na Bi Mwanajuma hakumwona kuwa mtu mbaya. Walikubaliana kama watu wazima. Evaline angepika wali, ambao hauna cha kumenywa, na Bi Mwanajuma angechana ukindu wake hapo hapo sakafuni. Akachana vizuri sana, nyuzi sawasawa, Hajira akizipanga. Walikuwa wamefika kwenye fungu la pili kisu kilipotulia ghafla, kikajivuta kutoka vidoleni mwake, kikainama kidogo kama anayeaga na kutoka.

"Kinakwenda wapi tena?" Bi Mwanajuma aliuliza.

Evaline akafungua ukurasa. Chini ya nyota zake tano watu walikuwa wamejaa. Nataka kama cha dada Evaline. Mimi pia, kama cha dada Evaline, nipo Soga. Wa Magindu tunapata? Na chini ya kila mmoja Dulla alikuwa amejibu kwa adabu yake ileile: ni chako, bosi wangu, ni chako, mama, ni chako.

"Wote hao kisu kimoja?" Hajira alisema. "Huyu Dulla ana akili kweli?"

"Ningekirudisha," Evaline alisema taratibu, "lakini nikikirudisha mimi, kitakwenda kwa hao." Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli hakulazimika kukirudisha. Aibu ikamshika hata hivyo. Akaandika kwenye ukurasa kwamba kisu hiki ni cha mjane wa Msimbu na picha ilipigwa bila ruhusa yake. Dulla akaweka alama ya moyo, akajibu: "Asante dada kwa kuwatambulisha wateja kwa bibi yetu. Ndiyo maana tunaitwa Visu vya Mababu!" Maoni hayo akayapandisha juu kabisa, yasomwe ya kwanza. Wateja wakaongezeka.

Kisu kikawa cha zamu. Soga kiligawa keki ya kumuaga mfanyakazi wa stesheni. Magindu kilichuna mbuzi, mchunaji akakiombea dua. Mlandizi mwanamke mmoja alikifungia kabatini, kikakata kabati. Hakuna mteja aliyelalamika. Waliambiana kwamba kisu kizuri cha mkono ndivyo kilivyo, hakikai sana mahali pamoja, na kila mmoja, kwa kukipenda, alikinoa kabla hakijaondoka. Hicho ndicho kilichokuwa kikikimaliza.

Mwezi wa harusi uliandama na mkeka haujafika nusu. Bi Mwanajuma akaenda kwa Dulla, nyumba ya tatu kutoka kwake, akamkuta barazani akifunga vipande vya bati kwenye maboksi. Dulla aliruka akampisha kiti.

"Shikamoo, bibi! Karibu, karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Kisu changu, Dulla."

"Bibi, kile siyo kisu tena. Kile sasa hivi ni chapa. Unajua tumefika mpaka Morogoro?"

"Mjukuu wangu anaolewa."

"Najua, bibi, na kadi nimepata, Mungu awabariki." Na kweli alionekana kuguswa. Akafikiri, akikuna kichwa. "Mimi siwezi kumruka mteja, si uungwana. Ila nitafanyaje na wewe ni bibi yangu? Agiza kama watu wengine, mimi nitakusogeza mbele. Na mzigo utaletewa bure, Msimbu hatutozi usafiri."

Bi Mwanajuma alirudi nyumbani na hasira zake. Akamwita Hajira na simu yake, na Hajira akamwagizia bibi yake kisu cha bibi yake. Ujumbe ulirudi haraka: Asante kwa kutuamini, kisu ni chako.

Kilikuja siku mbili kabla ya harusi, asubuhi umande haujakauka. Bi Mwanajuma alikiokota akakigeuza. Bapa lilikuwa limebaki kama mfupa wa samaki, na alama ya nyundo ya Pazi karibu na mpini ilikuwa imenolewa ikaisha. Hakulia, hakuwa na nafasi. Alichana mpaka adhuhuri, mikono ikikimbia, majirani wakisuka nyuma yake, na adhana ilipoanza kisu kikainuka kwenda kwa mtu wa Morogoro. Kikiwa mlangoni simu ya Hajira ililia. Visu vya Mababu waliomba maoni ya mteja.

"Niwaandikie nini, bibi?"

"Andika kizuri," alisema Bi Mwanajuma. "Andika nilikijua kikiwa kizuri zaidi."

Mkeka ulishonwa hivyo hivyo. Rangi zilikaa vizuri, zambarau na kijani, ila ulimtosha mtu mmoja na robo. Siku ya harusi Hajira aliketi katikati, na bwana arusi, Amiri, aliketi ubavuni kwake tako moja kwenye mkeka na jingine kwenye saruji, akitabasamu kwa shida. Mama yake Amiri aliutazama mkeka, akamtazama Bi Mwanajuma, hakusema neno. Bi Mwanajuma aliusikia ukimya ule ukianza, akajua utakuwa mrefu. Evaline, aliyekuja na ndoo ya ndizi zilizomenywa vizuri kama zawadi, alitazama pembeni.

Dulla alifika amevaa kanzu mpya, na doti ya khanga iliyofungwa kwa utepe. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, akamwombea bibi arusi kizazi chema, kisha akarudi nyuma hatua chache, akachuchumaa na kuinua simu yake.

"Usiinuke, Hajira, umependeza," alisema. "Huu mkono wa bibi siyo wa kawaida. Mikeka hii watu wanaitafuta."

Bi Mwanajuma alifika pale mbio kuliko umri wake unavyoruhusu, akaketi kwenye kona ya mkeka kwa uzito wake wote. Dulla alikuwa ameshapiga. Alikuwa akiandika "ni chako" kwa kidole gumba, ametabasamu, na simu yake ikalia mara moja, kisha mara mbili mfululizo.

Upande wa pili, pale alipokaa Amiri, ukingo wa mkeka ulianza kujikunja. Ulijikunja polepole, kwa adabu, bila kumsukuma mtu.

"Nyanyuka kidogo, mume wangu," Hajira alisema. "Wamekwishaagiza."

Amiri akanyanyuka, mkeka ukapita.