Kula Nikuone

Nyama iliyotafunwa bila kumezwa haina tena rangi wala jina. Zinabaki nyuzi nyeupe zenye mate, kama karatasi iliyoloweshwa ikafinyangwa. Mama Mdogo aliitema kwenye bakuli la plastiki, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akachukua kipande kingine. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na sahani yangu imejaa.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Wewe kula."

Nikala. Aliniangalia mdomo, kisha koo, akikifuata chakula kwa macho kikishuka. Kila nilipofungua kinywa naye alifungua chake kidogo, kama mama anayemlisha mtoto mchanga. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Kabla ya upasuaji, Mama Mdogo alikuwa mwanamke mkubwa, na hakuuficha ukubwa wake. Alikuwa na duka la magodoro, na ukubwa ule ulikuwa sehemu ya biashara. Mteja akisitasita, yeye hujitupa juu ya godoro, akadunda mara mbili tatu.

"Mnaona? Halijalia."

"Godoro linalokuweza wewe," mteja angesema, "sisi wengine tutawaachia wajukuu."

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Lakini nyumbani alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi ilikatika. Magoti yalimlilia kwenye ngazi. Daktari akamwambia kwamba moyo wake umechoka kumbeba, akampa shauri la kupunguzwa mfuko wa chakula, na yeye akakubali.

Hapo ndipo nilipoletwa mimi. Mama yangu, dada yake mkubwa, aliniambia, "Nenda kamtunze mama yako mdogo. Wewe huna maneno, na mgonjwa hataki maneno." Ni kweli sikuwa nayo. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nikiosha vyombo kwenye nyumba za watu, nikiitwa Kimya na wale walionipenda na wasionipenda. Mama Mdogo aliahidi kwamba akishapona atanipeleka kwa fundi wa mapazia anayemfahamu, nikajifunze kushona. Ahadi hiyo niliilalia na kuiamkia. Nikimpendeza ningetoka kwake nina kazi mkononi, nikimuudhi ningerudi kwenye masufuria ya watu.

Siku za mwanzo nilimchujia supu, nikamnywesha kwa kijiko cha chai. Akizidisha kidogo tu alitapika mapovu mazito, yanayovutika kama ute wa yai. Niliyafuta sakafuni, kwenye shuka, kwenye nywele zake. Matapishi ya mgonjwa hayakunitia kinyaa. Kinyaa kilianza alipopona.

Hospitali walimwambia kwamba baada ya muda atakula kidogo na ataridhika. Tukaisubiri ile shibe kama mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani. Mwili ulipungua, magauni yakaanza kumning'inia kama yamesahauliwa kwenye kamba. Akikaa juu ya godoro dukani, godoro halikushuka. Shibe haikufika.

"Tumbo linaniuma kwa kujaa," aliniambia siku moja, "na njaa iko palepale. Walikata tumbo, Kimya, yenyewe ikahama."

"Ikahamia wapi?"

Akashika taya lake.

Baba Mdogo hakuambiwa. Alikuwa dereva wa lori, akirudi siku mbili anaondoka tena, na kila akirudi alimkuta mke mpya, akamzunguka akimsifia. Daktari naye alimsifia. Mtaa mzima ulimsifia. Sijui angeanzia wapi kuwaambia.

Basi mchana mmoja nilikuwa jikoni nakula viazi nimesimama, kama nilivyozoea kula kwenye nyumba za watu. Nikahisi mtu mlangoni.

"Kaa," alisema Mama Mdogo. "Kula nikuone."

Nilidhani ni mapenzi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nikae ili nile. Chakula kikaanza kuwa kizuri zaidi, kuku, mayai, wali wenye mafuta, na mimi nikaanza kujaa mashavu. Baba Mdogo aliporudi alitutazama sote wawili, akatikisa kichwa.

"Huyu anapungua, huyu anaongezeka. Uzito wa nyumba hii hautoki, unahama chumba tu."

Tulicheka. Mama Mdogo alicheka kuliko sote, na mkono wake ukanibonyeza bega, taratibu, kama anayepima godoro.

Kisha yakaja maswali.

"Sasa shibe imefika wapi?" Kiganja chake kilikuwa tumboni kwangu, juu ya gauni, na vidole vina majimaji ya nyama aliyokuwa akitafuna. "Inaanzia chini au juu? Inakuja yenyewe au unaivuta?"

"Sijui, Mama Mdogo. Nasikia joto hapa."

"Hapa?"

"Hapo."

Akafumba macho. Kope zilitetemeka. Nilikaa wima, sipumui vizuri, nikisubiri atoe mkono. Akafumbua, akachagua kipande kwenye sahani yangu. "Sasa hiki. Nyama na kiazi, kwa pamoja. Usiharakishe."

Bakuli nililimwaga mimi, nyuma ya nyumba. Nililisugua kwa maji ya moto na sabuni, lakini harufu ya kinywa chake ilibaki vidoleni mwangu, tamu kidogo, chachu kidogo, na ilinifuata hadi kitandani. Nikaanza kusikia meno yangu mwenyewe yakifanya kazi. Mkate wa asubuhi niliuona kama umeshatafunwa na mtu. Ulimi wangu ulinichukiza, kitu kilicholowa kinachoishi ndani ya uso wangu. Nikisikia njaa nilijiuliza, hii ni yangu au ni yake? Na nilipoanza kusema nimeshiba, alinitazama tumboni kwanza, kisha usoni.

"Bado," angesema. "Naona bado."

Nilikula. Fundi wa mapazia alikuwa mtaa wa pili tu, nilimwona nikienda sokoni, kitambaa kirefu kikimpita mikononi kama maji. Niliwaza, atachoka, atanipeleka, nivumilie. Lakini usiku, tumbo likiwa limekaza kama ngoma, niliweka mkono wangu mahali alipokuwa ameweka wake, na sikuhisi chochote cha kwangu.

Jumapili moja walikuja majirani zake wa dukani, mama anayeuza viatu na msusi. Walikuja kuuona mwili. Nilipika kuku na wali, nikakatakata saladi, nikasimama pembeni na jagi la maji.

"Geuka tukuone," alisema mama wa viatu.

Mama Mdogo akageuka.

"Haya, na nyuma iko wapi? Umeisahau hospitali?"

"Nimewaachia wagawane."

Msusi alicheka hadi akajipiga paja. "Na njaa je? Mimi nikikosa cha saa nne tu naona giza."

"Njaa gani tena, shoga? Kijiko kimoja, mpaka kesho. Wakati mwingine Kimya ndiye ananikumbusha kwamba sijala. Muulizeni."

Wakanigeukia. Nikasema ndiyo. Mama Mdogo alikuwa ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili, anatabasamu, na macho yake hayakuwa kwa wageni. Yalikuwa kwenye paja la kuku mkononi mwa msusi. Lilipopanda yalipanda, liliposhuka yalishuka.

Walipoondoka nilikusanya vyombo nikavipeleka jikoni. Mchuzi ulikuwa umeganda, una ngozi juu. Kwenye sahani ya msusi kulikuwa na mifupa, wali uliolowa, na jani la saladi lenye rangi ya mdomo.

"Weka hapo," alisema Mama Mdogo.

Akachukua mfupa wa msusi. Akaufyonza. Akaling'ata lile gegedu la kwenye kiungo, akalitafuna kwa muda mrefu, shavu moja, kisha la pili, na hakutafuta bakuli. Alitema palepale kwenye sahani. Halafu akachukua sahani ya mama wa viatu, akaikwangua juu ya hiyo, akachanganya kwa kijiko, akaisukuma upande wangu.

"Kaa."

"Nilishakula, Mama Mdogo."

"Ulikula kidogo, uliwaonea haya wageni."

"Nimeshiba."

"Bado."

Akajaza kijiko mwenyewe. Juu ya wali kulikuwa na kipande cha ngozi ya kuku chenye alama za meno ya mtu. Akakileta usoni kwangu, na yeye akafungua kinywa ili nami nifungue. Niliuona ulimi wake, na punje moja ya wali imenata juu yake. Nikawaza yale mapazia. Nikawaza masufuria. Yote mawili yalikuwa ndani ya kijiko kile.

Nikabana meno.

Kijiko kiligonga mdomo. Mchuzi ulinitiririka kidevuni hadi kifuani, baridi, wenye mafuta.

"Fungua."

Sikufungua.

"Kimya, fungua basi." Sauti yake ilishuka, ikawa ya kuomba, na hiyo ilinitisha kuliko ukali. "Hiki kimoja tu, mwanangu. Mimi kikipita kwangu hakifiki popote."

Nilitikisa kichwa. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kisha akakitia kijiko kinywani mwake na akameza. Akaongeza kingine. Akaacha kijiko, akatumia mkono, wali wa watu, jani la saladi, vile vya kutafunwa na visivyotafunwa, bila kuchagua, akimeza huku ananitazama. Alifika mahali akakwama. Akasimama ghafla, akaushika ukingo wa sinki, yakaanza kutoka yale mapovu, marefu, hayakatiki. Na alipokuwa ameinama hivyo, anatapika, mkono wake mmoja ulirudi nyuma ukapapasa mezani, ukitafuta sahani.

Niliiondoa. Mkono ukaendelea kupapasa.

Ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuja baadaye sana, na haikuja nyingi. Pale jikoni nilisimama na sahani ile mikononi, nikaona kwamba nikibaki hivi nitakuwa kama bakuli lile, kitu cha kutemewa na kumwagwa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kliniki. Nilimbebea mkoba kama kawaida. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akatabasamu.

"Hongera, mama. Picha yako tungeibandika ukutani wengine waone. Unashiba vizuri?"

"Nashiba sana."

"Hashibi," nikasema.

Muuguzi alitazama huku na huku kujua nani amesema. Hata mimi sauti ile ilinishtua.

"Anatafuna na kutema. Na mimi ananilisha, hata nikisema nimeshiba."

"Msamehe," alisema Mama Mdogo, anacheka bila pumzi. "Huyu mtoto kichwani hayuko sawa."

Muuguzi alienda akafunga mlango. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, magoti karibu yagusane.

"Mama, wako wengi. Wanakuja hapa wanatudanganya kwa sababu sisi tunawasifia. Kosa ni letu pia."

Mama Mdogo alitazama sakafu. Alikuwa bado juu ya mizani, viatu amevishika mkononi. "Shibe itakuja lini?"

"Kwa wengine inachelewa. Kwa wengine haiji kama ile ya zamani. Lakini kutema na kumlisha mwenzako havitaileta. Kuna kikundi kinakutana hapa, na kuna mtu wa kuongea naye. Tutakufundisha kukaa na hiyo njaa."

"Kukaa nayo," alirudia, kama ameambiwa akae nyumba moja na mkwe asiyempenda.

Tulipofika getini nyumbani alitafuta funguo kwenye mkoba kwa muda mrefu, na alipozipata hakufungua.

"Kesho nitakupeleka kwa fundi wa mapazia," alisema, mgongo kwangu. "Utalala hukohuko."

Sikujua kama anatimiza ahadi au ananifukuza. Nadhani vilikuwa vyote viwili.

Sasa nashona mapazia. Mikono yangu inajua uzito wa kitambaa kabla sijakikunjua. Wakati wa chakula wenzangu hukaa duara, wanataniana, wanapigiana vijiko, na mimi hukaa nimewapa mgongo, nakula kidogo kidogo, bila sauti. Wanadhani naringa. Siwezi kumtazama mtu akitafuna, wala siwezi kutazamwa. Kuna siku shibe inakuja mapema, kabla sahani haijafika nusu, nami naiacha ije bila kuigusa tumboni ili kujua imefika wapi.

Baba Mdogo akipita na lori hunipa habari. Anasema mke wake anakwenda kwenye kile kikundi, anakula yai lake kwa saa yake, anatafuna na anameza. Njaa bado iko. Sasa hata Baba Mdogo anaijua, naye huizungumzia kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Wiki iliyopita Mama Mdogo alinipigia simu. Ilikuwa mchana, kiazi na yai vilikuwa mbele yangu, vinatoa mvuke. Tulisalimiana. Akaniuliza habari za kazi, nikamwambia nzuri.

"Umekula?"

"Ndiyo."

"Umekula nini?"

"Chakula, Mama Mdogo."

Hakukata simu. Nilisikia pumzi yake, karibu sana na sikio langu, ikisubiri. Kisha nikasikia koo lake likimeza.

Nikaifunika sahani, ingawa alikuwa mbali na asingeweza kuiona.