Anguko la Alimasi

Ulipita pale depo ya Kasongo, usikatae. Ulimwona mtu amening'inia hewani, kichwa chini, ukageuza uso na kuuliza bei ya mchele.

Ilikuwa Jumatatu. Alimasi alikuwa anapakia lori la kwenda Kabambare, bidoni la mawese, dumu zima la mafuta, begani. Kati ya mlango wa depo na lori kuna ubao mmoja mwembamba, uliolowa mafuta ya miaka yote. Kabla yake, mpakiaji Ruphin aliteleza hapo, mgongo ukavunjika. Hadi leo amelala kwa mama yake. Alimasi naye akateleza. Bidoni likafika chini. Yeye hakufika.

Wenzake wanne walimvuta, hakusogea. Muuguzi Benita akaja na tepu ya mshonaji, akapima, kesho yake akapima tena.

"Anashuka vidole vitatu kwa siku," akasema. "Kichwa kikifika kwenye saruji, shingo itavunjika. Polepole ama mbio, ni moja."

Kazi iliendelea. Ngoy, mpakiaji mwenzake, alimpitia na gunia kichwani.

"Kaka, weye unapumzika, siye tunabeba yako!"

"Njoo tubadilishane basi."

"Aa! Shingo yangu iko na watoto sita."

Mke wa Alimasi, Léontine, akaleta godoro la nyumbani, akalitandika chini yake. Patroni Gérard, mwenye depo, akatoka ofisini.

"Mama, ondoa hiyo."

"Bwana yangu anaanguka, patroni."

"Hajaanguka bado. Nikiacha godoro hapa, watu watasema kwangu kuko aksida, kuko ajali. Akianguka, tutaona."

"Utaona nini? Maiti?"

"Mama Régina," Alimasi akamwambia mkewe kutoka kule juu, kwa jina la mtoto wao, "usimtukane. Atanifukuza kazi."

Mlinzi akalivuta godoro hadi barabarani. Léontine akalirudisha. Ndivyo ilivyo kila siku, na hii ni wiki ya tatu.

Ubao ni uleule. Amechukuliwa mpakiaji mwingine. Akipita kando ya Alimasi humwomba radhi, kisha huteleza kidogo.

Leo vimebaki vidole sita. Siku mbili. Godoro lina pembe nne, na Léontine, ambaye hajalala, ameshika mbili. Mlinzi anavuta. Wewe uliyeuliza bei ya mchele, weka karatasi hii chini, nenda ukashike mbili zilizobaki. Sasa hivi.