Pont ya Maman Katungu

Unageuza uso tena. Ndiyo, wewe, muntu wa Ruashi. Camionnette ya Maman Katungu iko mbele yako, banamama wamekwisha kupanda juu ya mifuko, na wewe unaangalia simu.

Mimi nakumbuka. Christiane, mwenzao banamama hawa, alifia kwenye kilima cha njia ya Kasungami. Gurudumu moja lilizunguka bure kwenye matope, lingine likalala tu, gari ikarudi nyuma mpaka mtoni. Mukasema ni mapenzi ya Mungu. Nikasema ni pont, kile chuma cha nyuma kinachogawia magurudumu nguvu.

Ndiyo sababu Katungu alitafuta pont autobloquant, ile inayolazimisha gurudumu la pili kuvuta wakati la kwanza linateleza. Liévin, muuza vyuma vya gari zilizokufa, akampatia moja iliyotumika, akaifunga chini ya gari. Asubuhi, baridi bado kali, akainua magurudumu ya nyuma yote mawili, akazungusha la kushoto. La kulia likafuata, upande uleule.

"Angalia, maman! Inatembea pamoja. Iko muzima!"

Makofi. Pasta akaweka mkono juu ya gurudumu, akaomba. Amina.

Mumbere, ndugu ya Katungu, ndiye dereva. Akaizungusha gari mjini, akarudi saa sita, jua kali. Nikasema: inueni tena. Nikazungusha la kushoto. La kulia likaenda kinyume, kama pont ya kawaida isiyoshika.

Nikarudia. Kinyume.

"Iko nini sasa?" Mumbere akauliza. "Asubuhi ilisema ndiyo, sasa inasema hapana. Tuamini gani?"

"Ni joto, yaya," Liévin akacheka. "Hata weye joto inakulegezaka."

"Basi Kasungami tutapanda na barafu?" Mumbere akamurudishia.

Katungu hakucheka. "Pasta amekwisha kuomba. Kupima tena ni kumujaribu Mungu."

Hapo akili ikanipotea. Pont inayoshika hushika baridi na moto, hivyo ndivyo nilivyosoma kwenye ufundi wa magari. Lakini asubuhi nililiona gurudumu likifuata, kwa macho haya. Nikajilaza chini ya gari, nikapitisha kidole kwenye kizibo cha pont. Kitu kizito, kama grisi. Je, muntu aliijaza grisi, na baridi ndiyo iliyoshikamanisha vyuma vilivyokwisha kulika, kisha joto likaiyeyusha? Au ninajidanganya? Liévin anaapa kwamba aliinunua hivyohivyo, hajaifungua, na uso wake hauna uongo. Sasa nani amemdanganya nani? Sijui. Hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyeifungua.

Mumbere amewasha gari. Upande wa Kasungami mawingu yamekuwa meusi. Yeye ananitazama mimi, mimi nakutazama wewe.

Weka hiyo simu mfukoni. Simama mbele ya gari. Waambie banamama washuke, waache mifuko, na Liévin alete ufunguo tutoe kizibo, tuone kama yatatoka mafuta au grisi yenye unga wa chuma. Pasta ataomba tena kesho. Njoo sasa, mguu wa Mumbere ungali kwenye freni!