Kongwe Kuliko Yenu

"Shule yetu ilikuwa ikifundisha Kilatini wakati yenu bado ni zizi la nguruwe!" Barnaby Thackway alimtambia binamu yake Rosamund mbele ya ukoo mzima, viazi vya kuoka vya Jumapili vikiwa bado mdomoni.

Rosamund alisoma shule ya kanisa kuu la Marlsby, maili kumi na mbili tu kutoka Aldminster alikosoma Barnaby, na ulimi wake haukujua likizo. "Thibitisha basi, mzee wa kale. Ukishindwa, utavaa skafu yetu muhula mzima, hukohuko shuleni kwako."

"Na wewe utavaa yetu."

Wakapeana mikono. Skafu ya Marlsby ni ya njano na zambarau. Mvulana wa Aldminster akionekana nayo, heri angeonekana bila suruali.

Kesho yake Barnaby akapanda ngazi hamsini na moja za kuzunguka hadi maktaba ya kanisa la Aldminster, lililoimiliki shule yake. Alihangaika humo majuma matatu! Aliambiwa avae glavu. Akavaa, akashindwa kufungua kurasa. Akavua, akakemewa kwa vidole vichafu. Hati ya kwanza ilikuwa ya Kilatini, lugha ileile aliyojisifia, asiambulie hata sentensi. Ya pili panya walikuwa wameila, tena pale palipoandikwa mwaka. Ya tatu ilisomeka vizuri mno: mfalme aliwatimua watawa walioishi hapo, ndipo akaanzisha shule, mwaka 1541. Marlsby walikuwa na barua ya askofu ya kuanzisha shule yao, ya mwaka 1382, imetundikwa ukutani. Rosamund alikuwa amepiga picha nayo, ulimi nje.

"Lakini bila shaka watawa nao walikuwa na wanafunzi?" Barnaby alimlalamikia mtunza maktaba.

"Labda. Niletee karatasi."

"Karatasi zimeliwa na panya wenu!"

"Basi kamwulize panya."

Akashuka akitukana ngazi mojamoja. Chini, kwenye baraza ya mawe walimotembea watawa zamani, akaona jiwe moja la ukutani lililochakaa kuliko yote, limeota kuvu ya kijani. Watawa hawakuacha karatasi? Haya, wangeacha jiwe. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kusahau kutazama juu ni ugonjwa wa wenye haraka. Akatoa bikari yake ya hesabu, yenye ncha kali. Hakuwa mjinga wa kuandika tarakimu za leo. Alichonga za Kirumi, SCHOLA MCXLI, akasugulia udongo.

Jumamosi akamleta Rosamund. "Soma, binamu. Shule, elfu moja mia moja arobaini na moja! Nimelivumbua mwenyewe."

Rosamund akainama, akapapasa herufi, akanyamaza. Tangu azaliwe, Barnaby hakuwahi kusikia ukimya mtamu kama ule. Binti akaanza kuivua skafu yake taratibu.

"Usivunjike moyo, binti," sauti ikatoka juu.

Alikuwa Bi Garside, fundi mwashi wa kanisa, ameketi kwenye jukwaa la ujenzi, miguu ikining'inia, kikombe cha chai mkononi. "Jiwe hilo nililichonga mimi mwaka juzi. La zamani lilipasuka. Nikalipaka mtindi ili liote kuvu, lifanane na wenzake. Naona mtindi ulizidi."

"Labda," Barnaby akababaika, "labda maandishi yalinakiliwa kutoka lile la—"

"Alhamisi saa kumi nilikuwa hapahapa, nakunywa chai. Bikari unajua kuitumia, kijana. Ila ile S yako imelala chali."

Rosamund alikuwa ameshaivua skafu. Sasa aliitanua kwa mikono miwili, akamsogelea polepole, kama mtu anayekwenda kumfunga ng'ombe kamba.