Mlinzi wa Kushoto Asiyetajwa Redioni

Misimu mitatu mizima Milo Vondracek alicheza mlinzi wa kushoto katika timu ya chuo chake huko Kansas, timu ya mpira wa Kimarekani unaobebwa mikononi, na misimu mitatu mizima baba yake hakuamini. Mzee Anton, mkulima wa ngano, hakuwahi kukanyaga uwanjani. Alisikiliza redio. Mtangazaji alimtaja anayebeba mpira, anayeurusha, hata mbwa aliyevamia uwanja. Milo, ambaye kazi yake ilikuwa kumsukuma mtu aliye mbele yake ili wenzake wapite, hakutajwa hata mara moja.

"Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho," mzee alimwambia kwenye simu. "Hukuwepo."

"Nilikuwepo, baba. Nilikuwa chini ya watu."

"Mbwa nimemsikia. Wewe sijakusikia."

"Kweli Milo, hata mimi mbwa nilimsikia," akadakia Bi Svoboda, jirani, maana laini ile ya simu ilikuwa ya mtaa mzima na hakuna aliyeona haya kusikiliza.

Ilimuuma Milo. Alipokuwa askari vitani Ulaya aliandika barua na baba akaamini kila neno. Sasa vita vimekwisha, amerudi mzima, na mzee anawaambia watu kanisani kwamba kijana amekuwa mwongo.

Tumaini lilibaki moja tu: kikosi bora cha kanda, ambacho majina yake yalisomwa redioni msimu ukiisha. Wachezaji wenyewe ndio waliopiga kura, na ilikuwa marufuku kumchagua mtu wa timu yako. Kwa hiyo Milo alihitaji kupendwa na watu wale wale aliokuwa akiwaangusha.

Msimu wa nne akaanza kujitambulisha. Anamwangusha mtu, anamwinua, anampangusa matope. "Samahani kaka. Naitwa Milo Vondracek, mlinzi wa kushoto. Nyumbani hawajambo?" Wa kwanza alidhani kichwa cha Milo kimepata hitilafu. Wa pili akamweleza habari za mchumba wake. Kufikia Oktoba sifa zake zilikuwa zimeenea, pamoja na kisa cha baba asiyeamini, na jitu moja kutoka Oklahoma lilianguka kabla halijaguswa, lipate nafasi ya kusimulia jinsi ng'ombe wake alivyozaa mapacha.

"Vondracek," kocha Brandt alimwita pembeni, "unacheza mpira au unagombea ubunge?"

"Vyote kidogo, kocha."

Mechi ya mwisho, dakika za mwisho, timu yao ikiongoza, Milo aliinama uso kwa uso na Dwight Ormsby, mtu mwenye shingo nene kuliko paja.

"Wewe ndiye Milo?" Ormsby alinong'ona. "Ulimvunja mbavu binamu yangu. Anakusalimu sana. Vipi mzee wako, ameshaamini?"

Milo akainua uso. Katika msimu mzima wa kuulizia jamaa za watu, huyu alikuwa wa kwanza kumuulizia wake.

"Bado," alisema, akajiandaa kueleza. Lakini mpira ulikuwa umeshaanzishwa. Ormsby alimpita ubavuni, akasema "samahani kaka," akaenda kumlaza mrushaji wa timu ya Milo. Mpira ukadondoka, wapinzani wakauokota, wakakimbia nao hadi kufunga, mechi ikapotea.

"Vondracek!" mtangazaji alifoka. "Mlinzi wa kushoto, Milo Vondracek, kasimama kama nguzo ya ua! Vondracek kawamaliza wenzake!" Alilirudia jina hilo mpaka tangazo la sabuni likamkatiza.

Jioni Milo alipiga simu nyumbani. Upande wa pili mtu alipenga kamasi.

"Nimekusikia," alisema Mzee Anton. "Umeharibu kila kitu."

"Ndiyo, baba."

"Kumbe ulikuwepo, mwanangu."

"Sote tumesikia," alisema Bi Svoboda, naye sauti imelowa machozi. "Ulikuwa ovyo kabisa."

Wiki iliyofuata majina ya kikosi bora yalisomwa. Milo Vondracek, mlinzi wa kushoto, kachaguliwa na kila mpinzani aliyewahi kuangushwa naye. Wenzake wa chuoni bado hawakumsemesha, lakini alikimbilia simu.

"Baba, umesikia?"

"Hizo ni kura tu," mzee alisema. "Watu wanaweza kumchagua yeyote, hata yule mbwa. Lakini mechi ile, usingeweza kuipoteza kama usingekuwepo."